Uzoefu wangu: kutolewa doa jeupe kwenye ulimi kabla halijawa kansa

Naandika hii kwa ajili ya wenye doa jeupe mdomoni ambao bado wanasukutua maji ya chumvi wakisubiri liondoke lenyewe. Langu lilikuwa ubavuni mwa ulimi, haliumi, nikila pilipili ndo linawasha kidogo, famasi walinipa dawa ya fangasi ya matone nikamaliza chupa na doa liko vilevile. Mi mtu wa tambuu tangu ujana, popoo, chokaa na tumbaku ndani, na daktari wa meno aliniuliza hilo kabla hata sijafungua mdomo. Alafu akaushika ulimi kwa gozi, akauvuta nje, akalifuta lile doa kwa nguvu. Halikutoka. Akasema utando wa fangasi ukiufuta mara nyingi unabanduka, huu haubanduki, kwaiyo hatubahatishi dawa tena, tunakata kinyama kiende maabara.

Hicho kipimo ndo nakisifia kuliko vyote. Sindano ya ganzi ndo ilouma, kukatwa kwenyewe nilisikia kuvutwa tu, kinyama kama punje ya mchele kikatumbukizwa kwenye kichupa chenye dawa, nikashonwa nikarudi nyumbani. Lalamiko langu ni majibu, yalichelewa mpaka usingizi ukanipaa, nikipiga simu naambiwa bado, na hospitali kubwa vile haishindwi kumtumia mgonjwa meseji. Yalipokuja: seli zimeanza kubadilika, kiwango cha kati, siyo kansa. Daktari akanielewesha taratibu kabisa, kwamba si kila doa linageuka kansa ila la ubavuni na la chini ya ulimi linatiliwa mashaka zaidi, na jekundu ni hatari kuliko jeupe. Nikauliza vidonge vya vitamini A maana jirani alishanishauri, akasema hakuna kidonge kilichothibitika kuzuia lisigeuke kansa, tulitoe lote.

Kuna sehemu wanatoa kwa leza, mi nimetolewa kwa kisu, kwa ganzi ya sindano na nipo macho. Siku za mwanzo ni ngumu jamani, ulimi umevimba, nyuzi zinakwaruza kwenye magego, kutamka r ni kazi, chakula changu uji uliopoa na mtindi, pilipili na ndimu usiguse. Sasa hivi naongea vizuri na ladha ipo.

Tambuu nimeacha yote, na hapa wazee wetu wanisikilize, mana wengi wanaamini ukitoa tumbaku basi haina neno. Popoo peke yake inasababisha kansa ya mdomo, shirika la utafiti wa kansa la WHO lilishalitamka hilo tangu 2004, na ukitafuna miaka na miaka shavu linakakamaa hata mdomo haufunguki vizuri.

Kitu kingine, ukishakatwa hujamaliza. Doa linaweza kurudi palepale au likatokea kwingine mdomoni, na hata kansa inaweza kuja baadae, ndo mana naitwa kliniki kila baada ya miezi kadhaa, daktari anapapasa ulimi wote na shingo, anapiga picha analinganisha na za nyuma. Mara ya mwisho penye kovu pako safi, ila kuna alama ndani ya shavu kaiona, nikirudi kama bado ipo nayo itakatwa kinyama ikapimwe.