Utawa au Maisha ya Nyumbani: Njia Mbili za Mbudha wa Thailand

Mtawa hushika kanuni 227. Alfajiri hutoka pekupeku na bakuli lake, watu wakamtilia wali na mboga; saa sita mchana ikishapita, hali tena mpaka kesho yake. Maana ya maisha anaitafuta kwa kupunguza: mali, tamaa, hata ule umimi wake.

Mwenye familia ana kanuni tano: asiue, asiibe, asizini, asiseme uongo, asinywe vileo. Wengi huiona njia nyepesi. Mimi naiona ngumu zaidi, maana hasira na uchoyo anapambana navyo sokoni na nyumbani, kila siku. Tena bila yeye, bakuli la mtawa lingebaki tupu. Wanaume wengi huko huingia utawani kwa majuma au miezi michache tu, kisha hurudi kwao. Aliye na watoto wanaomtegemea, ningemshauri afanye hivyo.