Programu za mashirika ya ndege: kwa nini bado natumia tovuti na karatasi

Nimetumia programu za simu za mashirika kadhaa yanayotua Dar es Salaam na Nairobi, na nazipa nyota mbili kati ya tano. Kwa mtu anayesafiri mara mbili tatu kwa mwaka, sioni sababu ya kujaza simu. Karibu kila kinachofanyika humo kinafanyika pia kwenye tovuti ya shirika, bila kupakua kitu na mara nyingi bila kufungua akaunti.

Kero huanza kwenye jina. Programu inataka PNR, yaani ile namba ya nafasi yenye herufi na tarakimu sita, pamoja na jina la ukoo kama lilivyo kwenye tiketi. Kwenye tiketi, si kwenye pasipoti. Sisi wenye majina matatu hapo ndipo tunapokwama: wakala ameweka jina la baba kwenye nafasi ya ukoo, pasipoti ina la babu, na programu inajibu tu kwamba safari haikupatikana. Wengi huruka moja kwa moja kwenye hitimisho kwamba wameuziwa tiketi feki. Fungua tiketi uangalie alama ya mkwaju (/). Ikiandikwa MUSHI/NEEMAMRS, jina la ukoo ni MUSHI. Hilo MRS lililogandana mwishoni ni mtindo wa mifumo ya tiketi, halina madhara. Ila kama jina la ukoo lenyewe halifanani na la pasipoti, mpigie wakala alirekebishe mapema, maana hilo litakusumbua hata kaunta.

Kuna pia tiketi iliyouzwa na shirika moja huku ndege inarushwa na jingine. Hapo mara nyingi huwa kuna PNR mbili, na ile ya muuzaji huenda isisomeke kwenye programu ya mrushaji. Namba ndefu ya tiketi, yenye tarakimu 13, inakuonyesha kwa tarakimu tatu za mwanzo nani aliyeitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 176 Emirates, 197 Air Tanzania. Mwombe wakala PNR ya shirika linalorusha. Papo hapo hakikisha namba ya simu iliyomo ni yako. Mawakala wengi huweka yao, na taarifa za ndege kuchelewa zinaishia kwao.

Sasa tuseme umeingia. Usajili wa safari (check-in) kwa kawaida hufunguliwa kati ya saa 24 na 48 kabla ya kuruka, kutegemea shirika. Unajaza pasipoti, unajaza viza, unachagua kiti, halafu skrini ya mwisho inakwambia uonyeshe hati zako kaunta. Si hitilafu. Abiria akikataliwa uhamiaji huko aendako, shirika ndilo humrudisha na linaweza kupigwa faini, kwa hiyo wanataka mtu aione viza kwa macho. Na mwenye mabegi ya kilo 23 anapanga foleni ya mizigo vilevile. Sasa programu imeokoa nini?

Linaloudhi zaidi ni programu kukutoa kwenye akaunti wakati wowote, kisha inataka nenosiri na msimbo wa ujumbe mfupi. Msimbo unakwenda kwenye laini ya nyumbani, nayo ukiwa ugenini huenda haishiki mtandao. Wi-Fi ya uwanja wa ndege nayo wakati mwingine inataka msimbo wake. Pasi ya kupandia iliyomo ndani ya programu tu usiihesabu kuwa unayo. Ipakue kama PDF, au piga picha ya skrini. Picha kwa kawaida inasomeka bila intaneti. Tatizo lake ni kwamba ukibadilishiwa kiti baadaye, picha inabaki na kile cha zamani.

Picha hiyo usiiweke status. Alama zile za mraba zinabeba jina, PNR, safari na kiti bila kufichwa, na mwenye PNR na jina la ukoo anaweza kuingia kwenye safari yako.

Kuhusu usiri, wanaokwepa programu wana hoja. Agosti 2018 Air Canada ilitangaza kuwa taarifa za watumiaji wapatao 20,000 wa programu yake huenda zilifikiwa na wasiohusika, namba za pasipoti zikiwemo kwa waliokuwa wamezihifadhi. Ila tovuti nayo si ngome: wizi wa kadi uliolikumba British Airways mwaka huohuo ulipitia tovuti na programu pia. Ukipakua, nyima ruhusa ya mahali ulipo na ya Bluetooth, ruhusu arifa za safari tu.

Mtumishi anayerejesha masurufu ana sababu yake nyingine: mhasibu anataka kipande cha pasi. Kaunta ukiomba ya karatasi, kwa kawaida wanakuchapishia bila maneno.

Ryanair ndiyo imefunga mjadala: tangu 12 Novemba 2025 pasi zake ni za kidijitali kupitia programu yake, kwa hiyo anayeunganisha safari nayo Ulaya aipakue kabla ya kuondoka nyumbani. Mahali pengine programu inapata nyota zake ndege ikifutwa, maana unajichagulia nyingine wakati wenzako wako foleni. Usibonyeze haraka tu. Kwa ndege inayoondoka Umoja wa Ulaya, sheria ya EU261 inampa abiria haki ya kurudishiwa fedha ndani ya siku 7, na vocha ni mpaka akubali. Kitufe cha vocha ukikibonyeza, huenda ndiyo umekubali.

Ukimaliza safari, ondoa kadi ya benki na pasipoti zilizohifadhiwa kwenye akaunti kwanza, ndipo uifute programu. Kuifuta kwenye simu hakugusi kilichobaki kwenye kompyuta za shirika.