Muda wa saa tatu chini ya mnara wa vioo: Kanisa Kuu la Kristo Mfalme, Liverpool

Niliingia saa tano asubuhi nikiwa nimepanga kukaa nusu saa tu. Nilitoka saa nane mchana, na bado sikuwa nimetosheka.

Kwa nje, nasema ukweli, halikunivutia. Ni mihimili 16 ya zege iliyopinda, imeegemea kwenda juu kama miti ya hema, na kileleni kuna mnara wenye vijiti vyembamba vilivyosimama mfano wa taji. Wenyeji wamelipa jina la utani, Paddy's Wigwam, yaani hema la Mwairishi. Mimi nilifika siku ya mawingu na nikaona kijivu juu ya kijivu. Vioo vyake navyo, ukivitazama ukiwa barabarani, ni vyeusi kabisa, kama vya nyumba isiyo na mtu. Usikate tamaa ukarudi. Kioo cha rangi kinasema na aliye ndani.

Ukishavuka mlango, macho yanahitaji muda. Kwanza unakutana na giza la buluu. Kanisa ni duara, upana wake kama mita 59, na pembeni limezungukwa na vikanisa vidogo 13. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu Frederick Gibberd, aliyelichora: vikanisa hivyo hakuvibananisha. Kati ya kimoja na kingine ameacha mwanya, akauziba kwa kioo cha buluu, hata kuta zile nzito zikaonekana zimesimama bila kushikana, zimezungukwa na mwanga tu. Nilinyoosha mkono, nao ukawa buluu.

Altare iko katikati kabisa, jiwe moja la marumaru nyeupe lenye uzito wa tani 19, lililotoka Skopje, Makedonia. Viti vinaizunguka pande zote. Tumezoea makanisa marefu ambako wa nyuma anasikia misa kuliko kuiona. Hapa, pamoja na kwamba wanaingia watu wapatao 2,000, hakuna aliye mbali. Ujenzi ulianza Oktoba 1962, mwezi uleule ulipofunguliwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliotaka waumini washiriki zaidi katika ibada, na kanisa likawekwa wakfu siku ya Pentekoste, 14 Mei 1967. Mkao wake unaonyesha wazi waumini walivyotarajiwa kushiriki.

Sasa mnara. Uko juu ya altare moja kwa moja, una uzito wa tani 2,000 hivi, na karibu ukuta wake wote ni kioo. Waliouvika rangi ni mchoraji John Piper na fundi wa vioo Patrick Reyntiens. Usitafute Yesu wala mtakatifu humo. Hakuna sura ya mtu. Kuna njano, buluu na nyekundu, rangi tatu kwa ajili ya Utatu Mtakatifu, na kati yake rangi moja inaingia katika nyingine bila kujua mpaka uko wapi. Nilikuja na mashaka kuhusu vioo visivyo na hadithi. Nilikuwa nimezoea vile ambavyo ukivitazama unamjua huyu ni Petro kwa funguo zake. Hapa nilikaa, nikanyamaza, na baada ya muda nikagundua nilikuwa nasali bila maneno.

Shuka macho uviangalie vioo vya chini kwa karibu, kwa sababu watu wengi huvipita. Si vile vipande vyembamba vilivyoshikwa kwa madini ya risasi. Ni mabonge ya kioo, yale ya mnarani yana unene wa inchi moja, yamekatwa kisha yakaunganishwa kwa gundi ya epoksi. Kwenye kingo fundi hugonga kwa nyundo ili kioo kimeguke, na palipomeguka mwanga unavunjika na kumetameta. Nilisogeza kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia, na kipande kilekile cha buluu kikabadilika mara tatu.

Ingia pia kikanisa cha Sakramenti Kuu. Madirisha na milango ya tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, ni kazi ya mchoraji Ceri Richards, na baada ya ukubwa wa duara, utulivu wake ni kama kunywa maji. Ukipata nafasi shuka kwenye kripta ya matofali, yaani ukumbi wa chini ya ardhi, ndiyo iliyobaki ya mpango wa msanifu majengo Edwin Lutyens wa miaka ya 1930, kanisa kubwa kupita kiasi ambalo vita na gharama vililizuia lisiendelee.

Jengo hili limewahi kuwa na matatizo: paa la alumini la mwanzo lilivuja, likabidi lishughulikiwe upya. Hilo halinipunguzii heshima kwalo.

Ushauri wangu ni mmoja tu: usiende na kamera ukakimbia. Picha zangu zote zimetoka mbaya, njano imekuwa nyeupe na buluu imekuwa nyeusi. Kaa upande mmoja, kisha hamia wa pili. Nilipofika, doa jekundu lilikuwa sakafuni, hatua kadhaa kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akisali rozari. Mawingu yalipofunguka likawaka, yaliporudi likafifia, na kila lilipowaka tena lilikuwa limesogea. Nilipoinuka kuondoka lilikuwa magotini pake, naye hakuwa ameinua macho.