Ritoti ya chuma: miezi minne ya kuchomea dhahabu

Nimechoma dhahabu miaka tisa hapa Geita, kidonge cha dhahabu iliyoshikana na zebaki juu ya jiko la mkaa, mvuke wote wa zebaki unaniingia puani. Mwaka jana mikono ikaanza kutetemeka: chai inamwagika kabla haijafika mdomoni, usingizi hakuna, hasira kila saa kwa mke na watoto. Wenzangu wakanishauri maziwa. Jamani, maziwa hayatoi zebaki mwilini! Daktari alinipima mkojo, akasema tiba ya kwanza ni kuacha kuvuta ule mvuke. Dawa za kuinasa zebaki itoke kwa mkojo zipo, ila anazitoa daktari mwenyewe.

Ndipo nikanunua ritoti hii, chombo cha kuchomea kilichofunikwa kinachonasa mvuke wa zebaki, kwa fundi wa kuchomelea. Kikombe cha kuwekea kidonge kinafungwa kwa skrubu, bomba linapita kwenye ndoo ya maji na kupoa, zebaki inarudi matone yanayong'aa kama shanga za fedha. Naitumia tena. Kifuniko cha kwanza kilivuja, nikakirudisha. Inachelewesha kazi, wateja wananung'unika, waache wanung'unike. Usiifungue kabla haijapoa kabisa, wala usichomee ndani ya nyumba. Mikono bado hutetemeka asubuhi, ila kikombe cha chai sasa nakishika.