Miezi kumi na minne kwenye klabu ya taarab Unguja: uzoefu wangu

Fidla ndiyo iliyonipeleka. Nilihamishiwa Unguja kikazi, nikapata chumba Mji Mkongwe, na kila Jumanne na Alhamisi baada ya Isha nikawa nasikia ala zinalinganishwa sauti nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mimi mtu wa Tanga, nimekulia kwenye kanda za marehemu baba za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya kwetu Tanga. Nilijua ile si redio. Wiki ya pili nikapanda ngazi, nikapiga hodi.

Jina la klabu nalihifadhi, maana malalamiko yapo huko chini na wale wazee sasa ni watu wangu. Ila kwa asiyejua: klabu ya taarab Zanzibar si bendi ya kukodiwa tu. Ni chama, kina katibu, mshika fedha na daftari la mahudhurio. Taarab ilianza kama starehe ya kasri. Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohammed bin Ibrahim Misri akajifunze ganuni, ala ya nyuzi ya kudonoa. Mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwan Safaa, yaani klabu ya ndugu wenye nia safi, na 1958 ikaja Culture Musical Club. Nadi hiyo bado ipo, zaidi ya miaka mia moja sasa. Ligi yetu ya mtaa kule Tanga haikumaliza misimu mitatu.

Kujiunga ni rahisi. Wanachama wawili wanakudhamini, unatoa kiingilio shilingi 20,000, halafu 5,000 kila mwezi. Nilidhani nikishalipa nitafundishwa. Thubutu! Wiki sita za mwanzo upinde sikuugusa. Nilipewa kiti nyuma ya mpiga dumbaki, ile ngoma ndogo, na kazi ya kubeba dabo besi, lile fidla kubwa la kusimamisha, tukienda harusini. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe mnazijua: nyembamba, zimesimama wima, na taa ya chini imeungua tangu enzi. Goti langu la kushoto lina kumbukumbu yake.

Mafunzo yenyewe yalinijia kwa mlango wa nyuma. Usiku mmoja mzee wa ganuni akaniita, "Mwanangu, njoo unishikie tochi." Ganuni ina nyuzi sabini na zaidi, zimepangwa tatu tatu, kila tatu sauti moja. Joto na unyevu wa pwani vikiingia, zote zinalegea, kila moja kwa kiasi chake. Mzee anatia ufunguo kwenye kigingi, anauzungusha kidogo mno, anadonoa uzi, anasikiliza, anarudi nyuma. Tulikaa karibu saa nzima bila kuzungumza. Kufika nyuzi za mwisho akaniuliza, "Ipi haijakaa?" Nikakisia. Nikakosea. Akacheka, akaanza upya zile tatu. Baada ya mwezi wa kushika tochi nikawa naipata kabla hajaniuliza, na hapo ndipo nilipopewa fidla.

Jambo jingine ni mashairi. Yupo mtunzi wetu, mstaafu, anakaa pembeni na kikombe chake cha kahawa. Mwimbaji mmoja, dada mwenye sauti ya kukuliza, alitakiwa kuimba "Sikukosa kukupenda", akaimba "Sikukosa kupenda". Mzee akagonga kiti kwa penseli, muziki wote ukasimama. "Mizani nane, mama, silabi nane. Umeniibia moja." Ikazuka hoja ya nusu saa: je, mwimbaji ana ruhusa ya kuvuta silabi ili kuziba pengo? Fidla tatu na akodiani zikasubiri. Mwenye haraka angeudhika. Mimi nilitamani isiishe.

Alipofariki mama yangu Tanga, mwezi wa tisa wa uanachama wangu, katibu alikuwa na tiketi yangu ya boti mkononi kabla sijajua naanzia wapi. Watu wanne walivuka nami. Mazoezi yalisimama wiki nzima, na siku ya khitma ikaja bahasha ya rambirambi na orodha ya waliochanga. Ada yangu ya miezi yote ile haifikii hata nauli za wale wanne.

Sasa malalamiko. Muda: wakisema saa mbili usiku, wewe kula kwanza, kaoge, mapigo ya bashrafu, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, utayasikia saa tatu na nusu. Fedha za harusi: nimeuliza mara mbili mgao unapigwaje, mara mbili nikaambiwa nikae ninywe kahawa. Na hili la tatu linanikera zaidi. Jukwaani akina mama ndio wanaosimama mbele, ndio wanaotuzwa, na tuzo zinaingia kwenye kapu la klabu. Lakini kwenye kikao cha kamati wote ni wanaume. Unguja hii hii imewahi kuwa na klabu za akina mama wenyewe, Nuru el-Uyun, Royal Air Force, wakishindana kwa nyimbo na kwa sare mpaka mji ukagawanyika. Nililisema kikaoni. Wawili waliniunga mkono, mmoja akasema "mambo ya Tanga hayo".

Kwa hiyo, anayetaka kujua kupiga wimbo mmoja ndani ya miezi mitatu ajilipie mwalimu wa binafsi, asije kutuchosha. Wa kufaa hapa ni yule anayeweza kukaa. Na ukija kama mgeni usiku wa Idi, vunja noti zako mapema, maana kumtuza mwimbaji kwa noti ya 10,000 kisha ukasubiri chenji ni aibu nimeiona kwa macho.

Mimi bado nipo. Dabo besi sasa anabeba kijana mwingine, amejiunga mwezi uliopita. Jana kaniuliza ataanza lini kufundishwa. Nikamwambia anunue tochi.