Printi ya mfereji wa Saint-Martin (Sisley): maji wamepatia, anga wamelikata

Imekaa ukutani wiki tatu ndo naandika, maana siku nliyoifungua ningewapa nyota tano bila kufikiria. Leo natoa tatu.

Picha yenyewe ni ile ya mfereji wa Saint-Martin mjini Paris, mchoraji Alfred Sisley aliichora 1870, ya asili iko makumbusho ya Musée d'Orsay hukohuko Paris. Usitegemee vurugu yoyote humo, ni maji, nyumba na mawingu basi. Na huo mfereji wala si mto, ulichimbwa, ukafunguliwa 1825 kuingiza maji mjini na kupitisha mashua za mizigo, yaani ni sehemu ya jasho kabisa ila jamaa kaichora imetulia utadhani mji mzima bado umelala. Mwaka huohuo wa picha, 1870, Julai, Ufaransa ikaingia vitani na Prussia (dola ya Wajerumani enzi hizo) na Sisley vita vikamfilisi. Ukishajua hilo ule utulivu unauangalia kwa jicho jingine, mi ndo ulinifanya niitake.

Sasa printi. Maji jamani wameyapatia, ile mipigo mifupi mifupi ya brashi inaonekana, ukisogea karibu unaona madoa tu, ukirudi nyuma hatua tatu yanaanza kumeta. Kanvasi nzito, kona zimevutwa vizuri, harufu ya wino iliisha siku mbili.

Shida saizi. Ya asili ni sm 50 kwa 65, mi nikauziwa 40 kwa 60 na sikupiga hesabu (kosa langu hilo). Upana ukiwa 60, kwenda juu inatakiwa kama 46, sasa hizo sita zimeenda wapi? Wamezikata, na karibu zote juu, kwenye anga! Angekua mchoraji mwingine ningenyamaza, ila huyu aliandika mwenyewe kwenye barua kwamba picha zake huwa anazianza na anga, halafu wewe unakuja kulipunguza kama pindo la suruali. Matokeo yake maji yanang'aa na huoni mwanga unatokea wapi.

Halafu blu. Nimelinganisha na picha iliyopo kwenye websaiti ya makumbusho, kule kuna ujivujivu fulani wa baridi, hii yangu kama mtu kapitisha filta.

Niliwaandikia wauzaji, wakasema hiyo ndo saizi ya kawaida ya fremu. Sawa, fremu zao, picha je? Wakanipa punguzo la oda ijayo, ambayo sina mpango nayo.

Ukiitaka, waambie wakuachie picha nzima hata kama itabaki na ukingo mweupe, na uombe kuona sampo ya rangi kabla hujalipa. Yangu sirudishi. Nimeihamishia koridoni kwenye taa hafifu, jioni ile blu inapoa kidogo.