Gramps na majina ya mahali: inafaa kwa koo za Tanzania?

Gramps ni programu ya bure ya kutunza historia ya ukoo, na kwa majina ya mahali naipa alama za juu. Mahali ni rekodi inayojitegemea, iliyo ndani ya mahali pakubwa zaidi. Anza juu: nchi, mkoa, wilaya, kata, kijiji. Kwenye sehemu ya jina andika "Geita" tu. Ukiandika "Geita, Mwanza, Tanzania", ngazi zitajirudia kwenye ripoti.

Utamu wake uko kwenye tarehe. Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza hadi 2012, ulipoundwa Mkoa wa Geita. Ipe wilaya hiyo mikoa miwili ya juu yake, kila mmoja na kipindi chake, na aliyezaliwa 1975 ataonekana Mwanza bila kugusa rekodi yake. Majina ya zamani nayo yana nafasi: Tukuyu ya Wajerumani iliitwa Neu-Langenburg. Liingize kama jina mbadala lenye tarehe, usifungue rekodi ya pili.

Ukikuta "Dar es Salaam" na "Dar-es-Salaam" zimejitenga, chagua zote mbili kwenye orodha, kisha ziunganishe. Kwenye latitudo za kusini weka alama ya kutoa: Tukuyu ni -9.25, na ukiisahau ramani itaipeleka Sudan Kusini.

Udhaifu upo kwenye GEDCOM, muundo wa faili wa kuhamisha data za ukoo kati ya programu tofauti: ngazi hubanwa kuwa mstari mmoja wenye koma, tarehe zake hupotea. Ndugu anayetumia Gramps mtumie faili la Gramps XML, muundo wa programu yenyewe.